Bega la Mbele

Jumanne, 2 Julai

Pancha nne kabla ya saa sita. Halafu likaja guta la mizigo la matairi matatu, rimu ya nyuma imepinda kama chapati ya mwanafunzi. Nimeinyoosha mwenyewe, spoku moja moja. Baba amekaa kwenye benchi lake pale kibandani, mkono wa kulia umelala mapajani, wa kushoto unaelekeza. Tangu apooze, maneno yake yanatoka yamekunjamana, lakini akitaja namba ya spana namwelewa.

Mteja mmoja mgeni kaniita braza. Baba akacheka mpaka akapaliwa. Sikumsahihisha yule mteja. Sijawahi kumsahihisha mtu.

Jioni nimembeba Baba mgongoni kumrudisha ndani. Amekuwa mwepesi. Sipendi.

Alhamisi, 4 Julai

Mama kaninunulia dera jingine. La zambarau. Limekwenda kuungana na wenzake kwenye begi. Hatukugombana, tumechoka kugombana. Kasema tu, "Miaka kumi na tisa, Mwanaidi. Wenzio wana watoto." Mwanaidi ni kwa Mama peke yake. Kwa Baba na mtaa mzima mimi ni Idi.

Najua Mama aliponipoteza. Darasa la pili nilipata mapunye, Baba akaninyoa kipara. Mapunye yakaisha, nywele nikazikataa. Basi Baba akawa ananichukua kwa kinyozi kila anapokwenda yeye, tunanyolewa viti viwili vinavyopakana. Nikawa golikipa wa chandimu. Nikawa ndiye wa kupanda juu ya bati kushusha mpira. Wanawake wa bombani wakanibatiza jikedume. Baba akawajibu, bora jikedume kuliko dume lisilofanya kazi. Walicheka. Mimi sikucheka, nililiweka moyoni, na mpaka leo lipo.

Jumamosi, 6 Julai

Nilikuwa najaza upepo. Baba akasema, taratibu, neno moja baada ya jingine kama anayevuka mtaro: "Mie mtoto wa kiume sikupewa. Nimepewa wewe. Siku yangu ikifika, bega la mbele liwe lako."

Anamaanisha jeneza lake.

Nikamjibu haya, Baba. Nikaendelea na pampu. Ningesema nini kingine? Kwetu wanawake hawaendi kuzika, na yeye anajua, kazika nusu ya mtaa huu. Labda ni ugonjwa unaongea. Labda utani. Lakini macho hayakuwa ya utani.

Nimeahidi.

Jumatano, 10 Julai

Baba Mkubwa, kaka yake Baba, kaja kutoka Kimara na machungwa na unga wa lishe. Nimempa shikamoo mikono ina grisi. Kaitikia marahaba huku anaitazama suruali yangu. Si mtu mbaya. Nimemwona nyuma ya mlango anajifuta machozi kwa kofia. Lakini alipokuwa anaondoka kaniambia mbele ya Mama: "Baba'ko alikuwa anakudekeza. Sasa anaumwa. Jifunze kuwa mtoto wa kike kabla dunia haijakufunza."

Nilirudi kibandani nikakaza nati mpaka ikakatika. Nati ya mtu. Nimeilipa.

Jumatatu, 15 Julai

Baba hataki benchi. Hataki uji. Mussa katupeleka hospitali kwenye guta lake, Baba amelazwa juu ya godoro, mimi nasukuma kwa nyuma kwenye mchanga. Mussa ni rafiki yangu tangu enzi za chandimu, yeye beki, mimi golini. Daktari kasema tumrudishe nyumbani. Kalisema kwa upole sana. Upole ule ndio ulionitisha.

Ijumaa, 19 Julai

Baba kafa alfajiri.

Jumamosi, 20 Julai

Naandika ya jana.

Wanaume walikuja kumwosha. Nikaambiwa nipishe. Mwili ule nimeubeba mgongoni mwaka wa pili sasa, chooni, benchini, kitandani, jana naambiwa nipishe. Nikakalishwa mkekani na kina mama, khanga kichwani. Bi Tatu wa nyumba ya pili akanishika goti, lia mwanangu, lia. Sikulia. Nilikuwa nasikiliza nje. Wanaume, viti vya plastiki, sauti ya Baba Mkubwa ikipanga mambo. Kisha nikasikia wanaitikia kalima kwa pamoja, nikajua wamemnyanyua.

Nikainuka. Kanzu ya Baba ilikuwa msumarini kwenye korido, kofia juu yake. Nikaivaa juu ya gauni. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi, Mama amekaa chini ameegemea kitanda. Akaniona. Mama yule yule wa madera. Angeita jina langu mara moja tu nisingetoka. Akageuza uso akatazama ukuta.

Nilipita uani. Jeneza lilikuwa limeshafika barabarani, linaelekea msikitini, watu wanapokezana haraka haraka, kila mmoja anataka thawabu. Nikajipenyeza hadi mbele. Mzee mmoja nisiyemjua akachomoka chini ya jeneza, akanivuta mkono. "Kijana, pokea."

Nikapokea. Bega la mbele.

Alikuwa mzito kuliko nilivyozoea. Ni mbao, najua. Nilitembea nimenyooka. Nilikuwa na furaha. Naliandika kama lilivyo, nilikuwa namzika baba yangu na nilikuwa na furaha. Kutoka kwa muuza mkaa mpaka genge la kona, mimi na yeye.

Kosa langu lilikuwa moja. Jeneza ni kupokezana, ukibeba kidogo unampisha mwenzio. Mtoto mdogo anajua. Mmoja alikuja kupokea, sikumpa. Akaja wa pili, sikumpa. Watu wakaanza kumtazama huyu kijana king'ang'anizi ni nani. Baba Mkubwa alikuwa upande wa pili. Akageuka naye kutazama.

Hakupiga kelele. Alinitoa kwa kunishika kiwiko, mtu mwingine akaingia mahali pangu, jeneza halikuyumba hata kidogo. Akaninong'oneza: "Rudi nyumbani. Usimwaibishe ndugu yangu safari yake ya mwisho." Alikuwa analia. Afadhali angenipiga.

Wakanipita. Wanaume wote wale wakanipita, wengine wamenikodolea macho, wengine hawana habari. Nilibaki kwenye mchanga na kanzu inayoburuza. Mussa akaacha msafara akanirudisha nyumbani. Na yeye hakuzika, kwa ajili yangu.

Jumatatu, 22 Julai

Khitma leo. Mtaa mzima unajua. Bombani wamepata kicheko cha mwezi mzima. Bi Tatu kaniambia, "Ungempisha mwenzio mapema, wala wasingekujua, mwanangu." Anadhani ananifariji. Sijalala kwa sababu ya jambo hilo hilo.

Baada ya pilau ndugu wakakaa kikao. Mama atakaa eda hapa nyumbani. Mimi nihamie Kimara kwa Baba Mkubwa. Kibanda na vifaa vyake kipangishwe kwa fundi mwingine, ndipo Mama apate kula. Nilifungua mdomo niseme fundi yupo, ni mimi. Wote walikuwa wanatazama miguu yangu. Nilikuwa nadhani mtaa ulinikubali. Kumbe mtaa ulikuwa unamheshimu Baba.

Alhamisi, 25 Julai

Fundi mpya kaja. Kijana mstaarabu. Kaniuliza pampu inavujia wapi, nikamwonyesha. Akaniambia asante sista. Kakaa kwenye benchi.

Nimechukua spoku moja. Hakuiona.

Jumapili, 4 Agosti

Kimara. Dera la zambarau. Ushungi. Nakaa duka la vitambaa la mke wa Baba Mkubwa, napima mita, nakunja, napanga. Ananiita mwanangu, ananiwekea chakula kwanza mimi. Ningempata mtu wa kumchukia ningeshukuru.

Nywele zinaota. Wateja wananiita dada. Siku hizi hakuna anayekosea.

Nimemuuliza Baba Mkubwa kaburi lipo upande gani. Akasema, "Dua inafika popote, mwanangu. Yale yaliyotokea yanatosha." Nikasema sawa, Baba. Nimekuwa mwepesi wa kusema sawa.

Bega lilivimba wiki ile. Sasa limenywea. Nalibonyeza kutafuta panapouma, sipaoni tena.

Jumamosi, 24 Agosti

Nimepewa ruhusa kwenda kumtazama Mama. Yupo ndani na nguo zake nyeupe za eda, amekonda. Tumechambua mchele pamoja. Hakuitaja ile siku, wala mimi. Wakati naaga alinitazama dera, lilinikaa vizuri kweli, na nilidhani atafurahi. Alilia.

Mussa alikuwa ameshawauliza walioenda kuzika. Wengi walimkwepa, Baba Mkubwa aliwaomba nisionyeshwe kaburi, anaogopa nitafanya kioja kingine. Mmoja tu alimwambia, na yeye nusu nusu. Upande wa ukuta, karibu na mwarobaini. Mussa akanisindikiza, akasubiri getini.

Nilikuwa na spoku kwenye mkoba. Nilitaka kuichomeka upande wa kichwa, basi, ili siku nyingine nikija nimjue. Karibu na mwarobaini kuna matuta mapya mengi. Hayana vibao. Udongo wa aina moja, mengine yana matawi yaliyokauka. Nilizunguka, nikarudi, nikazunguka tena. Aliyefika siku ile anajua ni lipi. Mimi niliishia genge la kona.

Nikasimama katikati nikayasalimia yote. Nikasema ni mimi, Idi. Muda mrefu sijalisikia hilo jina, hata mdomoni lilikuwa geni. Nikasoma Fatiha. Dera lilikuwa linanasa kwenye miiba, nikalikusanya mkononi, nikatoka.

Spoku nimerudi nayo.