Yule Aliyekusema kwa Watu wa Uhamiaji

Baba yangu,

Tangu tulipokuzika hapa Bunda, mwaka wa pili sasa, sijakuandikia hata mstari mmoja. Leo naandika kwa sababu nimemwambia Mama jambo ambalo wewe ulistahili kulisikia kwanza. Ulikufa ukiwa na hakika kwamba unamjua mtu aliyekusema kwa watu wa Uhamiaji. Hukumjua, Baba.

Unakumbuka Makoko, kule Musoma? Ulifika pale ukitokea Kenya, kijana usiye na ndevu, umefuatana na mafundi waliokuja kujenga kanisa. Kanisa likaisha, wenzako wakarudi kwao, wewe ukabaki. Ukamwoa Mama, binti wa kijiji cha Murangi, ukatuzaa watano. Hakuna aliyekuuliza karatasi. Watu walikuita Fundi, na sisi tulikuwa watoto wa Fundi, basi.

Halafu ikaja miaka ile ya kupanga foleni kwa mche wa sabuni. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, saruji haipatikani bila kibali, na kila mwenye ndugu ng'ambo akaanza kuangaliwa kama ndiye anayehamisha sukari ya wananchi. Siku moja mgambo walikusimamisha sokoni, mwiko na timazi mkononi, wakataka kuona kibali chako cha kuishi nchini. Uliporudi nyumbani hukula. Mama alisema, "Si umeoa hapa?" Ukamjibu, "Ungekuwa mgeni ni wewe, kuolewa kungekusaidia. Mimi mwanaume, hakuna kitu."

Mzee Magesa ndiye aliyekusindikiza ofisi ya Uhamiaji kuomba uraia. Alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, jirani wa ukuta kwa ukuta, na rafiki yako kuliko kaka zako wa damu. Nawakumbuka mmekaa barazani na chai isiyo na sukari, mnabishana kama nyumba ya padri imepinda au macho yenu ndiyo yamepinda. Alisaini fomu yako kama shahidi. Uliporudi vidole vyako vilikuwa vyeusi kwa wino, na ulitusimulia bila kucheka: karani amebonyeza mara tatu, alama hazitoki.

"Akaniuliza, 'Mzee, vidole umevifanyaje?' Nikamwambia ni chokaa na saruji, nimejengaga tangu utoto. Akanitazama. Akaandika kitu pembeni."

"Ameandika nini?" Mama akauliza.

"Ningejua, ningekuwa nimekaa hivi?"

Nafikiri hapo ndipo hofu yako ilipoanzia. Baadaye likaja lile tangazo la gazeti. Sheria ilitaka jina lako litangazwe, kwamba unaomba uraia, na yeyote anayejua sababu ya wewe kunyimwa aandike kwa waziri. Ulitusomea polepole, kidole chini ya kila neno. Ulipofika kwenye "yeyote" ukarudia. Kisha ukalikunja gazeti, ukaliweka chini ya godoro, kana kwamba hakukuwa na nakala nyingine nchi nzima.

Toka siku ile hukuwa mtu yule yule. Kanisani ulihama kutoka benchi la mbele ukakaa la nyuma kabisa, uone nani anamnong'oneza nani. Mtu akikusalimia kwa furaha ulisema anaficha kitu. Akikusalimia kwa haraka, ameshaandika. Ulitukataza kula kwa watu. Ulitukataza kutamka neno Kenya. Na ni kweli, kulikuwa na la kuficha. Mwaka uliotangulia Bibi, mama yako, alifariki, na wewe ulivuka mpaka uliofungwa kwa njia za porini ukaenda kumzika. Mzee Magesa aliwaambia watu uko Buhemba, unajenga vyoo vya shule. Kwenye fomu uliandika kwamba tangu uingie nchi hii hujatoka.

Sasa nisikilize, Baba, maana hapa ndipo nilipo mimi.

Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu mkuu aliniita ofisini, nikamkuta mgeni, mwanaume mnene amevaa kaunda suti, anatabasamu. Mwalimu mkuu akatoka. Yule bwana hakunitisha. Aliniuliza jina, akaniuliza napenda somo gani, akasema ameona ngazi za shule zilivyojengwa vizuri, ni kazi ya baba yangu? Nikasema ndiyo. Kifua kilinijaa.

"Baba yako ni mtu mwema?"

"Ndiyo."

"Na mama yake, bibi yenu, anakuja kuwatembelea?"

"Alikufa."

"Pole sana. Baba aliweza kwenda kumzika, au alishindwa?"

Baba, alivyouliza, ilikuwa kama anadhani ulishindwa. Kama wewe ni mtoto wa hovyo asiyemzika mama yake. Nikajibu upesi, "Alienda! Alikaa siku nne. Alirudi na blanketi la Bibi, ndilo tunajifunikaga."

Akasema, "Vizuri sana." Akaandika. Akaniambia ni mazungumzo ya kawaida tu, si lazima kusumbua watu nyumbani. Nikarudi darasani nikijiona nimekutetea.

Jibu lilichukua miezi mingi. Barua ilikuwa na sentensi moja: ombi lako halikukubaliwa. Sababu haikuwepo. Uligeuza karatasi nyuma, ukaiinua kwenye mwanga wa dirisha kama anayetafuta maandishi mengine ndani yake. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la ugali, nimesimama mlangoni.

Ukasema, "Ni Magesa."

Mama akasema, "Acha, Baba Nyabwire. Magesa?"

"Safari ya msiba nani mwingine aliijua? Mimi, wewe na yeye. Wewe umenisema?"

Mama akaanza kupakua mboga. Hukunihesabu, maana nilikuwa mtoto, lakini mimi nilijihesabu. Niliweka ugali mezani, nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa huko mpaka giza likaingia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilijua kabisa nilichofanya.

Mwezi ule ule Mzee Magesa akavuliwa ubalozi. Hapakuwa na mkutano wala maelezo, tulisikia tu kwamba balozi ni mtu mwingine. Kwako ule ukawa ushahidi. "Wamemtumia, wamemtupa," ulisema. Alipokuja kwako ulikuwa unachekecha mchanga uani. Alisimama muda mrefu, wewe unachekecha tu.

Akasema, "Fundi, mimi sijakusema."

Ukamjibu bila kuinua kichwa, "Kuna mtu amekuuliza? Mbona unajibu kabla hujaulizwa?"

Akageuka, akaondoka. Nilikuwa nimejibanza kwenye dirisha la jikoni. Nilifungua mdomo niseme ni mimi, kisha nikalifunga dirisha.

Tukahamia Bunda. Biashara ilikuwa imeanza kuruhusiwa, saruji inauzwa dukani kama chumvi, na kila mwenye mtaji alitaka fremu za maduka kando ya barabara ya Mwanza. Ulijenga nyingi. Bado napita mbele yake kwenda kufundisha, na ukuta wako naujua kabla sijaufikia. Lakini ulijenga kama mgeni. Kila kibali cha kuishi nchini kilipokaribia kuisha, siku mbili kabla, ulikuwa huzungumzi na mtu. Ulivaa koti, ukapanda basi kwenda Musoma, ukarudi na mhuri wa miaka mingine miwili. Nilipokuwa mkubwa nilikuomba uombe uraia tena, mambo yamelegea. Ukasema, "Niwatangazie tena majirani waniandikie? Hapana." Ukawashuku vibarua wako, ukamshuku katekista, ukamshuku mpaka mjomba, kwa sababu tu aliuliza kibali kinaisha lini. Na hospitali, siku zile za mwisho, karani alipokuja na fomu akauliza uraia wako, ulisema, "Andika fundi." Yeye alicheka. Mimi sikucheka.

Mara ngapi nilitaka kukuambia? Siku ya harusi yangu. Siku nilipopata mtoto wa kwanza ukambeba. Kitandani pale. Kila mara niliogopa kwamba ungeniangalia kama ulivyokuwa unawaangalia wengine.

Mwezi uliopita mke wa Mzee Magesa alifariki. Habari ilipofika, Mama alikuwa anachambua dagaa, akasema tu, "Siendi." Nilimbembeleza. "Sikanyagi kwa yule mzee. Alimmaliza mume wangu." Nikaenda peke yangu.

Nilibaki Makoko mpaka watu walipopungua. Mzee Magesa amezeeka, Baba, jicho moja halioni. Nilikaa naye mkekani, nikamwambia yote: mwalimu mkuu, kaunda suti, blanketi. Nilipomaliza alinigeuzia jicho lake zima.

Kisha akasema, "Kwa hiyo si mama yako."

"Mama yangu?"

"Yule afisa alikuja kwangu kwanza. Akaniuliza, Fundi amewahi kutoka? Nikasema hajawahi, mimi ndiye balozi wake, namjua. Nikasaini. Baada ya wiki akarudi. Akaniambia, 'Mzee umetudanganya, ukweli tumeupata ndani ya nyumba yake mwenyewe.' Jibu lenu lilipotoka, ndiyo wakanivua ubalozi, kwa ule uongo. Mimi nikafikiri, ndani ya nyumba yake ni nani? Ni mke wake. Labda wamegombana. Nikasema moyoni, nikifungua mdomo navunja nyumba ya rafiki yangu. Acha anichukie mimi."

Baba, alidanganya kwa ajili yako. Akasaini uongo ule kwa mkono wake. Na miaka yote hiyo wewe ukimwona yeye msaliti, yeye alimwona Mama.

Nikamwomba anisamehe. Akasema, "Ulikuwa mtoto, ulisema kweli. Nikusamehe nini?" Halafu uso ukabadilika, akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea. "Lakini ulipokuwa mkubwa ulinyamaza. Mke wangu amekufa watu wanamwita mke wa msaliti. Hilo nenda kamwambie mama yako. Usingoje nife na mimi."

Nikiwa njiani kurudi nilipita ofisi ya Uhamiaji pale Musoma. Nilitaka kuona kwa macho yangu kama jibu langu limo kwenye faili lako. Kijana wa mapokezi aliniambia faili la zamani namna hiyo lilipelekwa Dar es Salaam, na hata lingekuwepo, sababu hazitolewi. Nikamuuliza, hata kwa mtoto wa marehemu? Akasema, "Hasa hao, mama." Kwa hiyo sijui. Labda ni maneno yangu. Labda ni vidole visivyo na alama. Labda kuna barua ya mtu ambaye hatukuwahi hata kumdhania, na anatusalimia mpaka leo. Hata ninapoandika hivi najikamata naanza kuwapitia majirani mmoja mmoja, kama wewe.

Nikamwambia Mama. Hakulia. Aliuliza, "Kwa hiyo yeye alinidhania mimi?"

"Ndiyo."

"Na sisi tukamdhania yeye."

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ulikuwa unatuangalia tu."

Siku tatu hakunisemesha. Akipika ananiwekea chakula, anatoka. Siku ya nne asubuhi nilimkuta amejifunga kitenge, ana unga kwenye beseni, ananingoja mlangoni. Tukapanda basi la Musoma. Tulipofika kona ya nyumba ya Mzee Magesa, Mama akaanza kulia kwa sauti, vile wanawake wa Murangi wanavyoingia msibani, kana kwamba maiti bado iko ndani. Watu wakatoka kuangalia. Mzee akatoka amejishika kwenye ukuta.

"Shemeji," akasema. "Umechelewa."

"Nimechelewa, shemeji," Mama akasema. Akapita, akaingia jikoni, akakuta vyombo vichafu, akakunja kitenge akaanza kuosha.

Amekaa kule wiki nzima. Mimi nimerudi kwa ajili ya shule, na nyumba iko kimya, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukuandikia. Usinijibu kwa ndoto wala kwa chochote. Lala, Baba. Kama huko uliko bado unawapanga watu na kuwauliza mmoja mmoja, mtoe Mzee Magesa kwenye mstari, mtoe na mjomba, na katekista. Wasisumbuliwe tena. Ni mimi niliyesema.

Binti yako,
Nyabwire