Nyumba Yenye Bomba la Moshi

Marambo, Nachingwea

Dada yangu Mwamini,

Assalaam aleykum. Hamjambo huko Ruangwa, wewe, shemeji Yunusi na watoto? Mguu wa mama umepata nafuu? Sisi wazima, na ufuta umetoka vizuri. Barua hii nampa Ausi wa bodaboda akufikishie mkononi, maana simu yangu mume wangu Kaimu huipekua.

Dada, wivu umenikondesha. Unaijua ile nyumba waliyoiacha Waingereza wa mradi wa karanga. Mume wangu aliipanga, akaniambia amemweka humo bi mdogo, Hajra. Mimi nibaki na kibanda changu kinachovuja! Kila nikienda shamba naliona lile bomba la moshi la matofali juu ya paa, na roho inaniuma.

Juzi Kaimu alipokwenda machimboni Namungo, nikasema liwalo na liwe, nikaenda kuiona. Nyumba ni nzuri, nisiseme uongo. Kuta nene, ndani kuna ubaridi, dari ya mbao, madirisha ya vioo vidogovidogo, na sebuleni meko ndani ya ukuta, ya kuotea moto. Kuota moto, Nachingwea hii! Lakini kitanda sikuona. Kumejaa magunia ya ufuta mpaka mlangoni.

Hajra nilimkuta uani, katika kile chumba Waingereza walichomjengea mpishi wao, mbali ili moshi usiwafikie. Aliponiona akaanza kulia, akaniuliza kama nimekuja kumfukuza. Kaimu alimwambia nyumba kubwa ni ya bi mkubwa, nitahamia wakati wowote, yeye avumilie huko nyuma. Kumbe alikuwa ananionea wivu kama mimi nilivyomwonea yeye. Nyumba moja, mwanamume katugawia mara mbili, na anayelala ndani ni ufuta!

Sasa nikwambie ukweli: sipo kwangu. Nakuandikia nikiwa sebuleni kwa Mwingereza. Magunia tumeyahamishia chumba cha mpishi, na Kaimu tumemtandikia mkeka hukohuko. Hajra amewahi chumba chenye madirisha mawili, changu kina moja, na hilo nalo limenikaa rohoni. Tumeapa kwamba akirudi hatumfungulii, si mimi si yeye.

Ila nakwambia wewe tu, dada: usingizi sipati, kazi yangu kusikiliza mlango wa mwenzangu. Naogopa asije akamfungulia kabla yangu.

Wasalimie wote wa nyumbani, na mama umwambie sijambo.

Mdogo wako,
Hafidha