Mabati Yako, Mama

Mpendwa Mama,

Ni mimi, kitinda mimba wako, yule uliyekuwa ukisema anaongea kuliko redio na hazimi hata betri zikiisha. Nimekaa jikoni kwako, mlango nimeuacha wazi moshi utoke, na baridi ya huku juu ya Mau Narok bado haijajifunza adabu. Nina jambo la kukuambia, lakini nitaanzia mbali. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mgeni haulizwi shida yake kabla hajanywa chai.

Unakumbuka ulivyoyanunua yale mabati? Mawili mawili, kwa pesa za kibarua cha kuchagua viazi kwenye mashamba ya watu, msimu baada ya msimu. Siku moja ulitembea mpaka senta, ukakuta duka lina mabati ya aina nyingine, ukarudi mikono mitupu na umelowa chapachapa. Baba akakuambia bati ni bati. Ukamjibu kwamba hata soksi ni soksi, lakini mbona yeye huvaa mbili zinazofanana. Yalipotimia, Fundi Koech akaezeka, na mvua ya kwanza iliponyesha ulitukalisha sebuleni tunyamaze, tusikilize. Hakuna tone lililopita. Ulikuwa umelala chini ya nyasi tangu kuzaliwa kwako. Ukaanza kucheka peke yako, nasi tukacheka kwa sababu wewe unacheka.

Shule yetu wakati huo ilikuwa kuta tu. Wazazi walikuwa wameijenga wenyewe: huyu kaleta nguzo, yule kaleta mabanzi ya mbao, akina mama mkabeba maji na mawe kwa migongo. Kabla yake, watoto wa upande wetu walivuka mto kwenda shule ya ng'ambo, na mto ukijaa hawakwenda. Wengi waliacha kabisa, wakaishia kuchunga. Mwalimu wetu alikuwa binti wa jirani aliyemaliza Form Four, na juu ya vichwa vyetu palikuwa na nailoni kuukuu ambazo Baba alizileta kutoka mashamba ya maua ya Naivasha, alikokuwa akifanya kazi. Upepo ulizichana kila wiki.

Kisha afisa wa elimu akaja. Alikuwa mtu mpole, hakutugombeza. Alitazama juu, akaandika, akasema akirudi muhula ujao akute paa lisilovuja, la sivyo ataifunga shule na watoto warudi ng'ambo ya mto.

Mwenyekiti wa kamati akatoa wazo lililopigiwa makofi na kila mtu: kila nyumba ilete bati moja. Nani angeshindwa na bati moja? Yakaja. Marefu, mafupi, ya mawimbi makubwa, ya mawimbi madogo, na jingine lililotoka banda la kuku likiwa na ushahidi wote. Fundi Koech akahangaika nayo siku tatu. Mvua ilipokuja, paa lilivuja kila mahali ambapo bati la nyumba moja lilikutana na bati la nyumba nyingine. Tulisukuma madawati katikati, mwalimu akafundisha hesabu akiwa ameshika mwavuli.

Mkutano uliitwa Jumamosi, zikiwa zimebaki wiki mbili afisa arudi. Fundi akasimama akaeleza kwamba mabati hayo hayawezi kulaliana. Alitaka ya aina moja, tena yaliyonunuliwa kwa jicho moja. Watu wakatazama chini. Hakuna aliyekutazama wewe, na hapo ndipo nilipojua kwamba wote walikuwa wanakuwaza wewe. Ulikuwa nyuma na akina mama, unasuka kiondo.

"Fundi, yangu yatatosha?"

"Yatatosha, mathe, hata mawili yatabaki. Lakini Mama Wanjiru, hiyo si ni nyumba yako?"

"Najua ni nyumba yangu. Nimeuliza kama yatatosha."

Nilikasirika, Mama. Sijawahi kukuambia jinsi nilivyokasirika. Dada Wanjiru alikuwa ameshaolewa, na mimi muhula uliofuata nilikuwa naenda kusoma Nakuru kwa shangazi. Hakuna mtoto wako hata mmoja ambaye angeketi chini ya paa hilo. Tukiwa njiani kurudi nikakuambia waziwazi kwamba watoto wako wamemaliza pale. Hukusimama hata kunitazama.

"Wangu ndio wamemaliza. Watoto hawajaisha."

Kisha ukaniambia niongeze mwendo tukatoe vitu sebuleni.

Baba alikuja mwisho wa mwezi na mkate wake chini ya kwapa, akasimama langoni kwa muda mrefu. Nyumba ilikuwa kichwa wazi. Alidhani moto umetupitia, lakini hakuona majivu. Ulipomweleza, alikaa kwenye gogo, akasema taratibu kwamba kama ulitaka kumfukuza ungemwambia tu, si lazima ubomoe. Wewe ukamletea chai. Kesho yake alipanda juu mwenyewe kumsaidia fundi, maana majirani walikuwa wameleta kwetu yale mabati yao yasiyofanana, hata lile la kuku. Hivyo shule ikapata paa letu, nasi tukapata la kijiji kizima, pamoja na uvujaji wake. Tuliyapa matundu majina ya wenye mabati. Ulikuwa ukinisikia nikiita, "Mama, kwa akina Chebet kumeanza," nawe unaleta sufuria.

Afisa alirudi siku ya mvua kubwa, nami nikiwa Nakuru, wewe ndiye uliyenisimulia. Alisimama katikati ya darasa, akanyoosha kiganja kama mtu anayeomba, akangoja. Kikabaki kikavu. Akafunga daftari lake, akamuuliza mwalimu watoto ni wangapi. Shule ikaandikishwa, na nasikia waliosoma hapo sasa wanaleta watoto wao.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka huu shule imepata madarasa ya mawe, na lile jengo la mabanzi limebomolewa. Mwenyekiti wa sasa, ambaye wakati ule hata hakuwa amezaliwa, alinipigia simu Nakuru akasema mabati ya mama yenu yako chini, mje mchukue. Hakuna aliyesahau kwamba ni yako. Nikaja. Yameshika kutu kidogo kwenye misumari, kwingine kote ni mazima. Nilipoyagusa nililia, sikufichi.

Siku hiyohiyo walikuja wazazi watatu kutoka juu zaidi, kule karibu na msitu. Wameanza shule yao, wana kuta na mwalimu, na juu wamefunika nailoni. Waliomba kwa heshima sana. Nikawaambia nitafikiria.

Nilifikiria wiki nzima, Mama. Nilijiambia ndiyo kumbukumbu uliyotuachia tulipokuzika. Nilijiambia nitaezekea banda, kisha nikajiambia nitawauliza kina Dada, na Dada aliposema niwape, nikaanza kumtafuta wa kumuuliza baada yake. Mvua ilinyesha mara mbili katika wiki hiyo, na nilijua inawanyeshea watoto gani.

Jana niliwapa. Walikuja na punda, wakayafunga, wakashukuru mpaka nikaona aibu.

Wewe hukuombwa na mtu. Ulitoa paa lililokuwa limetufunika, masika yakiwa yameanza, kwa maneno matatu. Mimi niliombwa mabati yasiyomfunika mtu yeyote, na nina nyumba nzuri Nakuru, na nikahitaji siku saba. Nimekula mkononi mwako miaka yote ile, nikavaa kanga zako, nikakucheka, na sikujua nilikuwa naishi na nani.

Baba anakusalimu. Kwaheri, Mama.

Mwanao wa mwisho