Kosh Inaishi Wapi?

Jumamosi, Kashozi. Mvua imenyesha asubuhi yote, sasa imekatika, ila migomba bado inadondosha maji. Nina udongo hadi magotini, na furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Nianzie Alhamisi ya wiki iliyopita, darasani Muleba. Niliandika cosh x ubaoni, nikawaambia kidato cha tano yale ninayowaambia kila mwaka: hicho ni kifupisho cha kosaini haipaboliki, tunatamka "kosh". Chukua e kwa kipeo cha x, jumlisha e kwa kipeo cha hasi x, gawa kwa mbili. Advera, binti wa dirishani asiyesema mpaka jambo limkere, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nje ya mtihani hii kosh inaishi wapi?"

Nikajibu, "Kwenye uhandisi." Hilo ndilo neno langu la kuyakalisha maswali. Advera akakaa, lakini swali lilikataa kukaa. Likanifuata mpaka nyumbani, tukala nalo ndizi.

Jioni nikasoma. Ile h ni ya haipabola. Kosaini ya kawaida imezaliwa na duara. Kosh inafanya kazi ileile kwenye mkunjo wa haipabola. Hayo niliyajua. Nililokuwa silijui ni hili: shika mnyororo ncha zake mbili, uache uning'inie. Umbo linalojichora lenyewe ni kosh. Ligeuze juu chini, na umepata tao linaloweza kujibeba.

Tao!

Nilisimama katikati ya chumba kama aliyeitwa jina. Maana Tata, baba yangu, ana tao lililoanguka mara mbili. Anamjengea marehemu mama groto, kijipango cha kuweka sanamu ya Bikira Maria, mbele ya nyumba, kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe, iwe tayari kwa misa ya kumbukumbu yake. Kila akiondoa mbao za kushikilia, matofali yanashuka. Alishaanza kusema mama anakataa, kwamba alikufa na kinyongo naye. Likianguka tena, akasema, asisikie mtu akitaja groto. Na Tata akishaamua, ameamua.

Jumamosi iliyopita nikaja na wazo langu. Matao yake yote mawili yalikuwa nusu duara safi, ameyapima kwa kamba na kigingi. Nikamwomba mnyororo wa mbwa.

"Mnyororo wa mbwa kwa Bikira Maria? Mwanangu, umesoma mpaka umepitiliza."

Alinuna kweli. Nikadhani yameishia hapo. Lakini siku hiyo jumuiya ya kanisa ilikuwa inasali kwetu, na baada ya sala Tata akaingia ndani, akatoka na rozari ya mama, ile ya punje za mbao. Akawaomba na majirani rozari zao. Tukazipachika moja ndani ya nyingine, tukazining'iniza kwenye misumari miwili mbele ya plaiwudi iliyoegemezwa ukutani. Tata akaufuata mkunjo kwa mkaa, taratibu, bila kuzigusa. Ya mama alikuwa ameiweka katikati, pale chini kabisa.

Plaiwudi ikakatwa, ikageuzwa, matofali yakapangwa juu yake. Mimi nikarudi Muleba.

Leo, mvua ilipokatika, Tata akaziondoa mbao. Niliogopa sana. Kama nimekosea, sitakuwa nimeangusha matofali tu. Nitakuwa nimemthibitishia kwamba mama hamtaki.

Limesimama.

Tata akaligonga kwa kiganja, kwanza kwa woga, kisha kwa nguvu mpaka nikamsihi aache. "Kasinge," akasema, ndiyo ahsante yetu ya Kihaya, na sikujua anamshukuru nani. Akaniuliza kitu hiki kinaitwaje. Nikamwambia kosh, akalirudia polepole. Halafu akaonyesha tofali la juu kabisa.

"Mama yako tulimweka chini. Umegeuza, sasa yuko juu."

Mimi mwenye hesabu zangu nilikuwa sijaliona hilo. Nikajifanya naosha miguu.

Sijui bado kama ni kosh peke yake. Huenda safari hii udongo ulikandwa vizuri zaidi. Na sinh, ndugu yake kosh, je, nayo ina kwao? Jumatatu Advera akiniuliza, sitasema uhandisi. Nitasema sijui, tutafute wote.

Ila lile swali lake la kwanza nina jibu. Kosh inaishi Kashozi, kwa baba yangu, ambaye sasa hivi amelala kitini, mlango wazi, ameuelekeza uso kule kwenye tao. Tangu msiba sijamwona akilala mchana.