Dhahabu Iliyogeuka Zambarau

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Mwenyezi Mungu, aonaye yaliyositirika. Natumaini goti lako limepata nafuu na shemeji hajambo. Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo mgonjwa.

Habari kwamba binti yako amesimamishwa kazi kwa wizi uliipata kwangu. Nakusihi sasa usikie iliyobaki.

Katika maabara ninakotunza stoo, yeye hutengeneza vioo vyembamba vyenye chembe za dhahabu, ndogo hata jicho halizioni. Ajabu, dhahabu hiyo si ya manjano. Ni nyekundu kama waridi. Kioo kimoja, kazi ya miezi minane, alinikabidhi nikifungie kabatini, akaagiza mtu asikiguse. Siku ya tatu nilikikuta zambarau.

Shaka ikaniingia. Ufunguo wa pili alikuwa nao yeye peke yake. Nikaanza kumchunguza: mbona anachelewa kutoka, mbona mkoba umevimba, viatu vipya kavitoa wapi? Mwosha chupa akanitania kwamba siku hizi mzee ananusa hata chai ya watu kama mbwa wa polisi. Sikucheka. Nilikwenda kwa mkuu wa maabara, nikasema kioo cha dhahabu kimeibwa na kuwekwa kingine.

Alipoitwa, binti hakulia. Alieleza kwamba chembe ndogo namna ile hazina rangi moja. Rangi hufuata kinachozizunguka. Zikiwa hewani zina hii, zikiwa ndani ya maji au mafuta zina nyingine, na dhahabu ni ileile. Kisha akanigeukia: baba mkubwa, hakuna mtu aliyekipaka kitu? Nikaapa, mkono juu, kwamba hakuna aliyekigusa.

Mdogo wangu, niliapa uongo. Wajua desturi yangu: kila chuma kiingiacho stoo hukipaka mafuta kisishike kutu. Kioo kile nacho nilikidondoshea matone mawili. Kutu, kwenye dhahabu! Mafuta yenyewe hayana rangi, sikudhani yangegeuza kitu. Lakini niliona haya kukiri kwamba nimevunja agizo. Jana nilikisafisha kwa spiriti, na wekundu ukarudi mbele ya macho yangu.

Leo asubuhi nimemweleza mkuu na kumkabidhi funguo. Binti nimemwomba radhi. Akasema kazini wataamini kioo, ila baba yake, aliyemkataza kukanyaga nyumbani, ataamini mwandiko wa kaka yake tu. Ndiyo maana barua hii anaileta mwenyewe. Usomapo, amesimama mlangoni. Mkaribishe kwanza, ndipo unilaumu.

Wasalimu wote wa nyumbani, nami niombee toba ya kweli.

Ni mimi kaka yako, mkosaji.