Mwalimu, Sato Siyo Sangara

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Najua ungechukua kalamu uniandikie "Marahaba" kwa zile herufi zako zilizosimama wima, kisha ungechora mstari mwekundu chini ya kosa langu la kwanza. Barua hii nimeisoma mara tatu kabla ya kuifunga, kwa hiyo usihangaike kutafuta. Naandika kwa sababu sisi wawili tulianza kuzungumza kwa maandishi, na sioni kwa nini niache eti kwa kuwa umekufa.

Nina habari na siwezi kungoja. Somo la ziwa limekubaliwa! Limekubaliwa lote, na samaki wake wote, na liko kwenye mkanda kwa mikono yako mwenyewe. Ningeweza kuishia hapo. Lakini unanijua, harusi ya saa mbili naitolea mkanda wa saa nne, kwa hiyo tulia nikusimulie.

Unaikumbuka siku uliyoingia studio? Nilikuwa nimejaa maringo, na sababu nilikuwa nayo. Tangu biashara zifunguliwe na kamera za video zianze kuletwa kutoka Dubai, Mwanza mjini mwanamke mwenye kamera nilikuwa mimi peke yangu, na sherehe za wanawake zilikuwa zangu zote, maana huko mwanamume haingii. Ukaingia wewe, mzee mrefu, shati limenyooshwa kwa pasi hadi kwenye kola, daftari mkononi. Nilipokusalimu ulitabasamu ukaandika: "Mimi ni kiziwi. Ninafundisha viziwi. Nataka mkanda wa masomo." Nami nikaandika chini yake: "Shikamoo mwalimu, kalibu sana." Ukaiweka r nyekundu juu ya ile l kabla hata hujakaa.

Baadaye ulinieleza kwamba homa ya uti wa mgongo ilikuchukulia masikio huko Magu ukiwa mdogo, hujaanza shule, na kwamba Kiswahili ulikisoma kwa macho tu. Sisi wenye masikio, ambao mama zetu ni Wasukuma, tunaandika tunavyosikia: balabala, mala moja, habali za asubuhi. Wewe hukuwahi kuzisikia l na r zikigombana, basi hukuwahi kuzichanganya. Kiziwi ananisahihisha matamshi! Nilicheka peke yangu hadi nyumbani.

Shida iliyokuleta uliiandika kurasa mbili. Shuleni kwenu watoto walikuwa wachache, lakini huko Magu, Sengerema na visiwani walikuwapo wengine wengi waliokaa tu nyumbani, hawana wa kuzungumza naye, hata mama mzazi. Mwalimu mmoja hawezi kulizunguka ziwa. Kitabu cha alama kilichotoka Dar es Salaam kilikuwa na michoro ya mikono yenye vishale, na kishale hakimwonyeshi mtu mkono unakwendaje. Tena katika kitabu hicho samaki alikuwa samaki tu, alama moja, basi. Hapo ndipo ulipoandika kwa nguvu hadi karatasi ikakaribia kutoboka: "Mtoto wa ziwani atasemaje anachokula?"

Nami nikajibu kwa majivuno yangu: "Niachie mimi, mwalimu."

Ee Mungu wangu, ule mkanda wa kwanza. Mimi nilizoea maharusi, na kwa bibi harusi kinachotakiwa ni uso. Basi nikakuvuta karibu, uso wako ukajaa televisheni nzima, kila udevu unahesabika. Chini nikaweka muziki mtamu wa taratibu. Ukakaa kuutazama. Ukaweka kiganja juu ya televisheni, ukaona inatetemeka, ukaandika: "Nini hiki?" Nikakujibu ni muziki. Ukaandika: "Wa nani?" Nilitamani sakafu inimeze. Kisha ukageuza ukurasa: "Na mikono yangu iko wapi?" Ulicheka hadi ukatoa leso, na wanafunzi wako ulipowaonyesha walinipa jina palepale: kiganja kimoja kinaupiga mkono mwingine kwenye kifundo, kama panga. Mkata Mikono. Hadi leo pale shuleni mimi ndiye huyo, wala sitaki wanibadilishie.

Ukanifundisha kazi upya, mimi niliyekuwa nikijiita fundi. Kamera isimame, isivutwe. Picha ianzie kiunoni ipite juu ya kichwa, na pembeni ibaki nafasi ya viwiko. Pazia langu la maua ulilishusha mwenyewe ukatundika shuka la bluu, kwa sababu vidole vilikuwa vinapotelea kwenye mawaridi. Na mikono yako iliposhuka ikatulia, mimi nilidhani umemaliza, nikawa nakata. Uliporudishiwa mkanda ule uliniandikia, safari hii hukucheka: "Hizo zilikuwa nukta zangu. Umezifuta zote." Tukarudia somo zima. Kufikia mwisho wa mwaka daftari tulikuwa tukilifungua mara moja moja tu, kwa sababu nilikwisha anza kusema kwa mikono, vibaya, lakini nasema.

Tukamaliza familia, soko, hospitali, darasa. Ziwa ulilitunza liwe la mwisho, kama mtoto anavyotunza mnofu pembeni ya sahani. Ulitaka tulirekodie Kayenze, pale wavuvi wanaposhushia samaki, asubuhi, samaki wenyewe wakiwa mbele yako mezani. Mvua zikatuzuia wiki mbili. Mvua zikaisha, malaria ikakupanda kichwani. Jumanne ulilazwa, Ijumaa tukakuzika Magu.

Nikuambie la mazishi, maana hukuliona. Mchungaji alisema maneno mengi na mazuri, na wanafunzi wako walikuwa wamesimama mstari wa mbele wakimtazama mdomo, hawapati kitu. Hakuna aliyewakumbuka. Mimi, Mwajuma, mtoto wa Kiislamu, nikatoka katikati ya akina mama nikasimama kando ya mchungaji nikawatafsiria. Alisema umepumzika. Alama ya kupumzika ilinitoka kabisa kichwani, nikawaambia Mwalimu amechoka. Wakaitikia kwa vichwa, wote. Walikuona ulivyokuwa ukifanya kazi.

Baada ya wiki chache kamati ya elimu ya viziwi ikaja kutoka Dar kukagua mikanda kabla ya kuinakili kwa ajili ya shule. Walikusifu sana. Kisha mwenyekiti wao akauliza somo la ziwa liko wapi, nami nikamwonyesha nilichokuwa nacho, wanafunzi wako wakifanya alama za samaki uwanjani. Alitazama kidogo akasema, "Hizi ni alama za mchezo, watoto wamejitungia." Akasema itatosha ile moja ya kitabuni. Wangerudi mwisho wa mwezi kufunga kazi. Mwalimu, nilikasirika, na hasira yenyewe sikuwa na wa kumwandikia. Kile kitu kimoja kilichokuleta studio kwangu ndicho kilichokuwa kinatolewa, na aliyekuwa na uwezo wa kukitetea yuko ardhini.

Ili wazikubali alama zetu walitaka kuona watu wazima. Watu wazima wanaozitumia katika maisha yao, bila kuambiwa na mtu. Nikakaa na sharti hilo siku mbili nzima. Siku ya tatu, nikiwa nampiga mteja picha ya pasipoti, jibu likanijia: harusi ya Doto.

Doto yule seremala, mwanafunzi wako wa kwanza, alipooa kule Kisesa kamera ilikuwa yangu. Viziwi wote mliwekwa meza moja. Na mimi nikikatisha ukumbini nilipitisha kamera pale kwenu mkila, kisha katika mkanda wa harusi nikaitupa sehemu ile yote, kwa kuwa mtu anayetafuna hapendezi kwenye video. Mkanda ghafi nilikuwa sijautupa. Lakini nikuungamie dhambi yangu: mikanda ghafi huwa narekodi juu yake. Kanda tupu si rahisi kupatikana, na harusi haziishi.

Niliishusha rafu nzima. Asubuhi tatu nimekaa mbele ya deki naangalia makapi ya kazi yangu mwenyewe: migongo ya watu, miguu, dari, mtoto anayelia, keki iliyokatwa nusu. Mkanda wa Doto nilipoupata nikausukuma ndani ya deki, nikakata tamaa palepale, maana mwanzo wake ulikuwa na kicheni pati ya Nyamanoro, akina mama wanacheza wamefunga kanga viunoni. Wanacheza, wanacheza, hawachoki hao. Nikawa nawalaani na vifijo vyao. Halafu picha ikachanika mistari, na ukatokea wewe, kijiko mkononi, unabishana.

Nilizima deki nikalia. Nikaiwasha, nikakuona tena, nikazima tena. Nilikuwa sijakuona ukisogea tangu hospitali.

Ulikuwa unabishana na yule mvuvi mwenye kofia, kiziwi mwenzako, kuhusu samaki aliyekuwa kwenye wali. Wewe unasema sato: vidole vinne vinasimama juu ya mgongo wa mkono, kama miiba yake. Yeye anasema sangara: kiganja kinafunguka wazi mbele ya mdomo. Wewe hukubali. Unachomoa mfupa sahanini, unamwekea mbele, unampimia kwa kidole, kisha unamwambia kwamba kwa macho yale labda amezoea kuvua dagaa na visamaki vya furu, na unajikwaruza koo kama mtu aliyekwamwa na vimiba vya furu. Meza nzima inakufa kwa kicheko. Kiuno hadi kichwa mnaonekana, na viwiko vyote. Siku ile sikuwa najua lolote, nilikuwa tu nimesimama mbali kwa sababu kulikuwa na kreti za soda njiani.

Nikaupeleka mkanda Ilemela kwa Sista, yule wa ofisi ya masista yenye kompyuta inayoweza kumeza picha za video. Usiulize tulivyohangaika. Mashine inaganda, umeme unakatika, tunaanza upya. Lakini ilipokubali, Mwalimu, ni maajabu! Mkono wako tunausimamisha hewani, tunaurudisha nyuma, tunaupitisha polepole hadi kila kidole kinaonekana kinakotoka na kinakokwenda. Chini Sista akaandika SATO, SANGARA, FURU, DAGAA, na mimi nikasimamia herufi, asije mtu akaniwekea sangala. Sista alitaka tukate kicheko na kutafuna, ibaki alama tupu. Nikakataa. Nilimwambia nimekata mikono ya mtu huyu mara moja, inatosha. Nikaacha vyote, na nukta zako zote.

Kamati ikarudi. Safari hii walikuwa na mwenzao ambaye mara ya kwanza hakuja, mama mmoja kiziwi, mwalimu kama wewe, mzaliwa wa Tanga. Nikawawekea. Mwenyekiti amekunja mikono. Ulipofika pale pa mfupa yule mama akainama mbele. Ulipojikwaruza koo, akaangua kicheko! Peke yake katika chumba kizima. Wale wenye masikio walikuwa bado wanasoma maandishi ya Sista chini ya picha. Akaniomba nirudishe, akatazama tena, kisha akageuka kwa wenzake akawafanyia sangara, sato, furu, kwa mikono yake mwenyewe, na kwa ukali. Mkalimani wao akatamka alichosema: "Mtu hawezi kufanyiwa mzaha kwa alama za kitoto. Hii ni lugha." Mwenyekiti akakunjua mikono akaandika. Wala hakuandika mengi.

Nilijivuna, Mwalimu. Sitakuficha. Nilijivuna kwa ajili yako na kwa ajili yangu, nikatoka pale natembea katikati ya barabara, kwa r mbili.

Sasa mikanda imetawanyika. Mingine imekwenda Magu kwa basi, mingine Ukerewe kwa meli, na pasipo na televisheni shuleni inachezwa kwenye mabanda ya video asubuhi, kabla filamu za ngumi hazijaanza. Banda la Kayenze linajaa watu. Wengine wala si viziwi, wanakuja kukutazama tu ukibishana.

Na juzi alikuja studio mvuvi mmoja wa hukohuko, jasho linamtoka, nikadhani kuna msiba. Ana binti wa miaka minane, kiziwi, tangu azaliwe wanaelekezana kwa kuvutana mikono. Wamekuwa wakienda bandani wote wawili, kila Jumamosi. Akaniambia kwa sauti mtaa mzima usikie: "Dada, amenikatalia! Mke wangu kampakulia dagaa, mtoto kasukuma sahani. Kasema dagaa hataki, anataka sato!" Akanionyesha jinsi alivyosema, vidole vinne mgongoni mwa mkono, vile vidole vinene vya kuvuta nyavu. Alikuwa anacheka huku machozi yanamshuka. Miaka minane, na hajawahi hata siku moja kujua mwanawe anapenda nini.

Basi hiyo ndiyo habari yangu. Pumzika, Mwalimu, alama yake sasa naijua, mkeo Mama Kulwa amenifundisha. Nakuahidi hakuna mkanda nitakaorekodi juu yake kabla sijautazama hadi mwisho, na nakuahidi masomo hayataishia kwenye yale uliyoyaacha. Jumamosi nakwenda Kayenze na kamera, kumpiga picha yule binti, mikono yote miwili. Baba yake ameniambia nije mapema, sato amekwisha mnunua.

Ni mimi,
Mwajuma