Haja za Bibi Yako

Mjukuu wangu Salma,

Salamu nyingi kutoka Magongo. Sote wazima, na mamako ameanza kuuza mahamri. Waniuliza, huko chuo cha uuguzi, vidonge vya bibi yako vyafanyaje kazi.

Kibofu, nilivyoelezwa hospitali, si mfuko tu. Kikijaa, utando wake wa ndani hutoa kemikali, asetilikolini, inayoamsha neva, ndipo mtu huhisi haja ya kwenda choo. Cha bibi yako kilipiga kelele hata kwa maji kidogo. Vidonge huziba pale kemikali inapopokelewa, na kelele hupungua. Mdomo nao hukauka, kwani mate huitwa na kemikali hiyo hiyo.

Lakini vilichelewa. Mara ya kwanza alimwambia daktari, kijana wa bara, "Mwanangu, haja zanizidi."

"Haja gani, mama? Sema nikusaidie."

Nami nimekaa kando yake. Bibi yako akaona haya, akajibu, "Miwani."

Tukarudi na miwani. Mwaka mzima hakwenda Jomvu Kuu kumwona dadake mgonjwa, kwa kuogopa kuadhirika njiani. Leo aweza kwenda, na dadake tumeshamzika.

Ukianza kazi, mwanangu, mume wa mgonjwa mtoe nje kwanza.

Babu yako